Kitatange wa Mke Wangu

Wa kwanza kunitia wivu katika ndoa yangu alikuwa mtoto wa mjomba wa mke wangu. Wa pili alikuwa samaki aliyeletwa na mtu huyohuyo, kutoka Mombasa hadi Thika, ndani ya dumu la kioo lililozibwa kwa kitambaa. Watu hunicheka nikisema hivyo. Hawajawahi kurudi kutoka kazini wamechoka, wakamkuta mke amewapa mgongo, anamkodolea macho kiumbe wa manjano asiye hata na kope.

Mimi ni mzaliwa wa Ruiru, katika kambi ya vibarua wa shamba la kahawa. Ujana ulinipeleka Mombasa. Huko nikajifunza kukata vioo, nikasilimu, nikaoa. Halafu nikapata kazi Thika kwa Singasinga mmoja aliyekuwa kontrakta wa majengo, nikamleta mke wangu bara. Tulipanga chumba na sebule katika ua wa watu wengi, wote Wakikuyu kama mimi, wote wakiongea Kikuyu kuanzia bombani mpaka chooni. Mimi nilijiona nimefika nyumbani. Yeye sikumuuliza alijionaje.

Tangi lenyewe lilikuja kwa bahati. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Ruiru alikuwa ameliagiza karakana kwetu, nikalitengeneza mwenyewe: fremu ya chuma, vioo vinene, na lami kwenye maungio yote ya ndani ili maji ya chumvi yasile chuma. Nilipolimaliza, Mzungu alikuwa amefunga virago amerudi kwao. Tajiri wangu akaniambia niliondoe, linamjazia nafasi. Nilidhani mke wangu atalifanya kabati la nguo. Aliliinamia, akapitisha kidole kwenye kioo, akasema, "Hili nitalitia bahari."

Bahari ililetwa na binamu yake. Alikuwa akifanya kazi ya kusafisha mabehewa ya treni, na kila zamu ilipomleta huku juu alishuka na dumu la maji ya chumvi lililovingirishwa gunia. Akaleta mchanga, akaleta mawe, akaleta samaki wawili wadogo wenye mistari, wale wanaobaki kwenye madimbwi ya mawe maji yakipwa. Hewa niliwapa mimi, kwa tyubu ya lori niliyoijaza upepo kwa pampu na kuipachika mrija mwembamba, ikawa inatoa mapovu polepole kutwa nzima. Nilifanya yote hayo nikitaka kumfurahisha mke wangu. Sikujua nimemfungulia mtani mlango.

"Mke wangu hajambo?" ndivyo alivyobisha hodi yule bwana, na mimi mwenye mke nimesimama hapo hapo mlangoni.

"Umechelewa, mume wangu," mke wangu alijibu kutoka ndani, sauti imechangamka. "Nimeshaolewa bara."

"Na huyu wa bara wamuacha lini?"

"Ngoja kwanza ajue Kiswahili."

Wakacheka wote wawili. Najua utani wa mabinamu. Nimeishi pwani, nimewasikia watoto wa shangazi na wa mjomba wakiitana mume na mke mbele ya kadamnasi, na hakuna aliyechukua panga. Lakini kuusikia kwa jirani si sawa na kuusikia kwenye mkeka wako. Isitoshe, nilijua kwamba nisingetokea mimi, huyo ndiye angemwoa. Shangazi zao walikuwa wamekwisha kuanza kulizungumza. Kwa hiyo kila alipotania, mimi nilikunja uso kama mtu aliyemeza mwarobaini. Alipoketi, sikuketi. Alipocheka, nilikohoa.

Nikaona matunda yake. Mke wangu akaacha kujibu utani. Akawa anasema "karibu" tu, anapokea dumu, anakwenda kupika. Binamu naye akapunguza maneno. Niliona nimeshinda.

Halafu, katikati ya baridi ya Julai, akamleta kitatange.

Nisidanganye, alikuwa samaki mzuri. Manjano yake ilikuwa kali, ana utepe mweusi machoni, bapa kama kitumbua kilichokaliwa. Mke wangu alipomwona alishika mdomo kwa viganja viwili. Mimi nilimletea kanga, nilimletea viatu, nilimletea kioo cha kujitazamia chenye ukingo niliouchonga mwenyewe, na sijawahi kuonyeshwa viganja viwili.

"Akifa usilie," binamu alimwambia wakati anaaga. "Nitaleta mwingine. Na safari hiyo nitaomba likizo nikae hapa wiki nzima, nimtazame mpaka azoee."

Wiki nzima! Nyumba ya chumba kimoja na sebule! Niliapa moyoni kwamba samaki yule hatakufa. Awe na miaka mingi, azeeke, aote ndevu.

Ndivyo nilivyoanza kumchunguza. Miaka ile ya Hali ya Hatari serikali ilimzuia mtu wa kabila langu kutembea jioni, kwa hiyo baada ya kazi nilivuta kigoda na kuketi mbele ya kioo. Siku za mwanzo alijibanza kwenye pembe, kichwa amekitia katikati ya mawe mawili, mapezi ameyabana mwilini. Sikushtuka sana. Hata mimi ningetoka Mombasa ndani ya dumu ningejibanza. Nilifunika upande mmoja wa tangi kwa leso kuukuu ili apate giza la kupumzikia. Lakini wale wenyeji wawili hawakumpa nafasi. Kila alipochungulia walimkimbilia na kumdonoa mkia, wakamrudisha kwenye pembe yake. Nilikata kipande cha kioo, nikakisugua kingo zisimkate, nikakizamisha katikati ya tangi kuwa ukuta. Wakabaki wanamtukana kwa mbali.

Hakula. Nilimkatia nyama mbichi vipande vidogo kama punje za mchele, ikamwangukia puani na yeye akaitazama ikipita. Manjano yake ikafifia, ikawa rangi ya ukuta uliokosa chokaa. Mashavu yakawa yanapiga haraka haraka, kama ya mtu aliyepanda kilima, na yeye amesimama tu. Kisha akaanza kujikuna: anatoka mbio, anajisugua ubavu kwenye jiwe, anarudi. Nilipoleta taa ya chemni karibu na kioo niliona vidoa vyeupe mapezini, kama amenyunyiziwa chumvi. Hapo nikajua si ugeni tena. Ni ugonjwa.

"Mgonjwa," nilimwambia mke wangu.

"Namuona," alisema. Alikuwa ameketi nyuma yangu, amejifunika leso mpaka kidevuni. Sikugeuka.

Nilitia mkono majini. Yalikuwa baridi kama ya kisimani, na samaki huyu ni wa maji vuguvugu, mtu yeyote aliyeogelea Mombasa anajua hivyo. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikazifunga vizuri kwa vizibo na kuziegemeza ndani ya tangi, mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini na mbili jioni. Nikachota uchafu wa chini kwa mrija na kuongeza maji safi ya dumu. Nikavua viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la mvua, nikavisuuza, nikamrushia. Kazini wenzangu waliniuliza kwa nini nanuka pwani.

"Aii, wewe, ni samaki ama ni mtoto?" jirani mmoja aliniuliza aliponiona nimebeba chupa za moto. "Si ukule yeye tu iishe!"

Yeye hakujua kwamba nilikuwa napigana na mwanamume aliyeko mbali, asiyejua hata kwamba kuna vita.

Na kweli, vile vidoa vikapukutika. Samaki akaacha kujikuna. Jumapili moja mchana, nikiwa kwenye kigoda changu, akatoka kwenye mawe, mapezi ameyafungua yote, akamfuata kiluwiluwi mpaka juu na kumnyakua. Akamnyakua na wa pili. Niliruka nikaangusha kigoda.

"Njoo uone!" niliita. "Anakula! Mwambie binamu yako abaki huko huko!"

Hakuja. Nikaita tena. Nikaingia chumbani nimejaa ushindi, natafuta wa kumwonyesha.

Alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza pembeni ambapo kuta mbili zinakutana. Leso imembana mwili mzima. Kando yake palikuwa na sahani ya wali wa mchana, imefunikwa, na nilipoifunua wali ulikuwa haujaguswa hata kwa kidole. Nikakumbuka na sahani ya jana ilikuwa hivyo, nikala mimi nikafurahi kuongezewa. Rangi yake, ambayo Mombasa ilikuwa inang'aa, ilikuwa imekufa. Pumzi yake ilikuwa fupi fupi.

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Hakuna alama moja niliyohitaji kufundishwa. Nilizijua zote. Nilikuwa nimekaa sebuleni mwezi mzima nikizisoma kwenye kioo, na mwenye kuugua kweli alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Unaumwa wapi?" niliuliza.

"Siumwi."

"Kwa nini basi huli?"

Alikunja miguu ndani ya leso. Halafu akasema, bado anatazama ukuta, "Samaki umemtilia chupa za moto. Mimi miguu yangu ni barafu tangu tuje." Akaendelea, polepole, kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya safari. "Hapa sina wa kuongea naye. Bombani wakicheka sijui wacheka nini. Alikuwa yuwaja mmoja tu wa kunitania, nikacheka kidogo, nikajiona ni mtu. Na huyo ukamnunia mpaka nikaona haya kumjibu."

"Alikuwa anakuita mke wake!"

"Na wewe waniitaje?" akasema. "Siku hizi waniita nije nione samaki."

Nilikasirika, kusema kweli. Nilitaka kujibu na nilikuwa na majibu. Lakini nilizijua zile alama, na nilijua mwisho wake ukiziacha.

Alichokitaka hakuhitaji kukisema. Alitaka kwa mama yake. Na mimi sikuweza kumpeleka. Kibali changu cha kutembea kilikuwa cha Thika na Ruiru tu, na Mkikuyu bila kibali hakupanda treni ya Mombasa wakati ule. Mtu pekee wa kumsindikiza, kumtafutia nafasi, kumtazama njiani usiku kucha, alikuwa yuleyule. Nilimwokoa samaki ili mtu huyo asikae kwangu wiki moja. Sasa ningemkabidhi mke wangu, aende naye, akae huko mpaka apone, na apone nisimwone. Na akipona, arudi kwenye baridi kwa sababu gani?

Hata hivyo nilimtumia habari, na siku ya safari, pale stesheni, binamu alikuwa mpole ajabu. Alimpokea mzigo, akamkalisha dirishani, akashuka kuniaga. "Shemeji, nitamfikisha salama kwa shangazi," alisema kwa heshima tele, macho chini.

Ile heshima ilinichoma kuliko utani wote. Mtu anayetania mbele yako hana cha kuficha. Huyu mnyamavu sikumtaka awe karibu na mke wangu hata kidogo.

"Wewe," nilimwambia. "Si useme ile maneno yako?"

"Maneno gani?"

"Ile ya kila siku. Ya mke."

Alinitazama kuona kama nina nyundo. Kisha meno yakatoka. "Shemeji, mke wangu namchukua! Ukimtaka tena uje na washenga upya!"

Dirishani mke wangu alicheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu masika. "Na waje na Kiswahili!" akasema, na treni ikaondoka nao. Nilicheka pia, kwa meno tu. Moyo ulikuwa unaungua.

Nilibaki na kitatange. Nilimchemshia maji, nilimkatia nyama, na nilimchukia kwa jinsi alivyonenepa. Nilipolala niliwaona wawili wale barazani Mombasa, wakitaniana jua likizama, mama mtu anawaletea kahawa. Nilipopika sikuweza kumaliza nilichopika. Nikaacha kupika. Jioni niliketi kwenye pembe ya sebule, mahali alipokuwa akiketi yeye, nikajifunika leso aliyoiacha.

Baridi ilipokwisha, habari ikanifikia kupitia mtu wa reli kwamba anakuja. Nilifika stesheni mapema mno. Treni iliposimama aliyeshuka kwanza ni binamu, peke yake, dumu begani, na niliona dunia imesimama. Kisha nyuma yake, akimtukana kwamba anamzuia njia, akashuka mke wangu. Rangi yake ilikuwa imerudi yote. Nilijiandaa kwa swali nililojua litakuja kwanza, nikawa na jibu tayari: yu hai, anakula, amekuwa mnene.

Hakuuliza. Alisimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kichwani, shingoni, kwenye kola iliyokuwa inanipwaya, mpaka miguuni. Akatua kikapu chini.

"Tangu lini huli?" alisema.

Samaki hakumuulizia mpaka kesho yake asubuhi.