Saa Kumi na Moja ya Askari

Karakana ile ilitengeneza saa za mkononi za aina moja tu: saa za jeshi. Uso mweusi, namba nyeupe, mkanda wa kitambaa kigumu, na chuma kisichometa hata jua likikipiga, maana askari anayemeta hakawii kuonekana. Bi Mishale ndiye aliyepaka mishale ya saa hizo rangi ya kung'aa gizani, kisha akaipachika, mrefu, mfupi na ule mwembamba wa sekunde. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Kila uso wa saa ulikuwa na miduara miwili ya namba. Wa nje ulikwenda moja mpaka kumi na mbili, hizi tunazozijua sote. Wa ndani, kwa namba ndogo, ulitoka kumi na tatu ukaishia ishirini na nne, na huo ndio uliomchukua. Saa kumi na tisa! Nani amewahi kula au kuoga saa kumi na tisa? Jicho likiwa kwenye lenzi na kibano mkononi, Bi Mishale aliingia humo taratibu. Akaona mitaa mitupu yenye mwanga wa rangi ya maziwa, nguo zimeanikwa na hazina mwenyewe, na mtu mmoja anatembea polepole bila kuchelewa popote. Aliamini, kama mtu anavyoamini ndoto anayoipenda, kwamba jeshi limegundua saa za ziada na kuzificha kwa matumizi yake lenyewe.

Kisha binti yake wa pekee akaenda kuishi huko.

Sasa, Bi Mishale alikuwa na shingo ngumu ya kupewa cheti. Binti alipomwambia, "Mama, nimechaguliwa jeshini," alijibu, "Nenda. Ila mimi sina mtoto askari." Saa anatengeneza, mwenye kuivaa hamtaki! Binti akaondoka na begi moja, mama yuko jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Wiki tisa zikapita bila hata salamu. Kila siku alitamani kumwomba radhi, na kila siku ulimi ulimshinda, maana katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu nisamehe, hata marehemu mume wake, mtu mpole kama yule.

Jumatano moja ujumbe ukaingia kwenye simu: "Shikamoo mama. Kesho nitapiga saa 11. Dakika tano tu. Tukishaondoka hakuna simu miezi sita."

Aliusoma mara nane. Kisha akamwendea msimamizi na kumweleza ujumbe huo, kwa sababu simu haziruhusiwi kwenye meza za kazi. Zina sumaku, na sumaku huvuruga springi ndogo iliyomo ndani ya saa. Kila mtu huiacha yake kwenye kasha mlangoni.

"Kesho naomba nitoke uani na simu yangu, saa tano asubuhi," alisema.

"Mbona saa tano? Si umesema kaandika kumi na moja?"

"Yule ni askari, baba. Kumi na moja ya askari ni ile namba kumi na moja pale usoni pa saa, yaani tano yetu ya asubuhi. Hii yetu ya jioni ni ya raia. Miaka yote hii nazipachika mishale, nisijue?"

"Haya, jenerali," msimamizi alisema, akainua mikono.

Kesho yake, saa tano kasorobo, Bi Mishale alikuwa uani, ameishika simu kwa viganja viwili. Upepo ulichezea koti lake jeupe. Maji yalidondoka kwenye pipa, tone baada ya tone, na yeye akawa anayahesabu bila kujua. Ikafika saa tano. Ikapita robo, ikapita nusu. Simu ilikaa kimya kama tofali.

Hakuwa mtu wa kudhani amekosea. Alichoelewa ni kwamba mtoto amempa ahadi makusudi ili alipize kisasi, na kwamba yeye mama amestahili. Iliuma kweli. Aliirudisha simu kwenye kasha, akaketi, akajikaza kisabuni. Mchana kutwa alitafuta mitaa yake ya rangi ya maziwa asiione, na mshale wa sekunde ulimponyoka mara tatu.

Saa kumi na moja jioni, watu wanafunika vifaa, kasha likaanza kuita.

Alikimbia. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba! Nimekusubiri tangu asubuhi, wewe mtoto! Kumi na moja yenu imepita zamani!"

"Yetu? Sisi saa hizi tunaita kumi na saba, mama. Mimi nilikuandikia kwa saa ya nyumbani."

Nyuma ya binti injini zilikuwa zinanguruma, na dakika zilikuwa zinakwenda.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Eti? Sikusikii, kuna malori hapa."

Nyuma yake karakana yote ilikuwa imegeuka kumtazama. Angeweza kusema si kitu, aulize habari za chakula, dakika ziishe. Akashika fremu ya mlango.

"Nimesema nisamehe!" alipaza sauti. "Nilikosea! Wewe ni mwanangu, uwe askari, usiwe askari! Nisamehe!"

Kisha binti akasema, haijulikani anacheka au analia:

"Nilisikia tangu mara ya kwanza, mama. Nilitaka tu urudie."