Koti Alipopimwa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Koti ziliota kuelekea upande wake zenyewe, na hakuna chanuo lililoziweza. Dada yake alilijua hilo zamani, kabla ya daktari yeyote kulipa jina.

Watu wa mtaani walimwita Koti kwa sababu ya koti zito la rangi ya majivu alilolivaa hata jua likiwaka la kupasua mawe. Ukimuuliza sababu, atakwambia macho ya watu hupenya shati. Alikuwa mkunja shuka kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofulia mahoteli, na kwa kukunja hakuwa na mpinzani: kona kwa kona, mkono unapita juu ya kitambaa mara moja tu, basi. Shuka hazikuwa na shida naye. Shida ilikuwa wanawake wawili wa meza ya jirani, watu wa kupenda kucheka. Wao wanawacheka waume zao, Koti anasikia anatajwa yeye. Siku moja walicheka mpaka wakashikana mabega. Koti akaiacha shuka sakafuni, akatoka nje, akakaa ukutani hadi jioni, na mzigo wa hoteli nzima ukalala.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimwita dada mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare kwa kuwa alishona sare za shule.

"Mama Sare, nina chumba cha pasi kule nyuma. Mtu anafanya kazi peke yake, hakuna wa kumcheka. Kinamfaa Koti. Ila nikimpa hivihivi, wenzake watasema namdekeza. Niletee barua ya kliniki inayosema anakihitaji. Bila hiyo, mwezi huu ukiisha tunaagana naye."

Basi ikawa ni kuitafuta hiyo barua.

Daktari wa kliniki alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Alianza na Koti mwenyewe, majibu ni ndiyo au hapana.

"Ukiona watu wanaongea, huwa unahisi wanakuongelea wewe?"

"Ndiyo."

"Umewahi kuhisi kuna mtu karibu nawe, ingawa humwoni?"

"Ndiyo. Hata sasa hivi."

Daktari akageuza shingo kidogo kutazama nyuma yake, kisha akaona haya na kuendelea. Koti alijibu yote bila kuficha, kwa kuwa uongo haukuwahi kumkaa mdomoni.

Ikaja zamu ya dada. Maswali yake yalihusu maisha ya kila siku, na hapo ndipo Mama Sare alipoharibu kila kitu. Alikuwa amelelewa kwamba mgeni mwenye kalamu haonyeshwi uchafu wa nyumba. Tena kichwani mwake barua nzuri ilitoka kwa sifa nzuri. Kwa hiyo akamsifu.

"Anajipikia?"

"Anapika vizuri sana." Ukweli, Koti hakula kitu ambacho dada yake hakukionja kwanza mbele ya macho yake.

"Anakwenda sokoni?"

"Bila wasiwasi." Ukweli, alikuwa akifika kwenye kona anasoma namba za magari yaliyoegeshwa, na zikimkataza, anarudi mikono mitupu.

"Anajiamsha kwenda kazini?"

"Kabla ya jogoo." Ukweli, dada ndiye aliyemwamsha, akamsindikiza mpaka getini, kila siku ya kazi, ndipo akarudi kwenye cherehani yake asubuhi ikiwa imeshaliwa.

Daktari alijumlisha, akavuta pumzi. "Mama, kaka yako ana kile tunachokiita haiba ya kiskizotipia, na kipimo kimepanda sana. Si kichaa, tafadhali nielewe. Ni namna yake ya kuona na kusikia mambo. Wapo wanaoishi nayo bila kukwama. Na kwa majibu yako, huyu hajakwama popote. Sasa nitamwombeaje chumba mtu asiyekwama?"

Mama Sare alitoka pale damu inamchemka. Njia nzima alimsema daktari, elimu yake, na kalamu yake. Alipofika nyumbani akamwonjea Koti chakula, kijiko cha kwanza kama kawaida, na kijiko kikiwa mdomoni akajua mjinga alikuwa nani. Mficha uchi hazai. Yeye alikuwa ameficha mpaka daktari akaona hakuna cha kutibu.

Akarudi kliniki, Koti nyuma yake kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Daktari hakumkaripia. Aliyarudia maswali yaleyale, ila safari hii kila moja akaliongezea maneno mawili.

"Anapika, bila wewe?"

"Hapana."

"Anakwenda sokoni, bila wewe?"

"Hapana."

Kila hapana ilimwuma, maana aliona anamvua mdogo wake nguo mbele ya watu, naye Koti amekaa palepale anafunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine. Kisha maumivu yakageuka hasira, na hasira ikapata mdomo.

"Nimechoka, dokta! Nashona huku sikio moja liko kwake. Sijaolewa, sijatembelea mtu, hata hilo jina la Mama nimepewa na sare za watoto wa wengine. Andika! Hawezi, hawezi, hawezi!"

Daktari aliandika. Alisubiri pumzi yake itulie, akauliza swali la mwisho. "Ukisafiri wiki moja, yeye ataishije?"

Aliyejibu ni Koti.

"Nitakaa mlangoni."

"Ufanye nini?"

"Nimsubiri."

Barua ikaandikwa siku hiyohiyo. Msimamizi aliisoma akafurahi kweli. "Jumatatu aanze. Ila asichelewe, Mama Sare. Macho ya wote yatakuwa kwangu."

Jumatatu Mama Sare alikwenda kumwamsha Koti akakuta kitanda kitupu. Alikuwa mlangoni, kwenye kiti, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Mdogo wangu, twende. Saa zinakwenda."

"Siendi. Wewe unasafiri."

"Nani kakwambia?"

"Dokta. Wiki moja."

"Lilikuwa swali tu, jamani!"

Koti akafikiri. "Yale mengine yote yalikuwa kweli. Hilo moja litakuwaje uongo?"

Alimbembeleza. Alimfokea mpaka jirani akachungulia. Akaapa kwa kaburi la mama yao. Mwishowe akaenda kuvuta begi lake chini ya kitanda, akalifungua, akamwinulia mbele ya uso. "Ona! Tupu! Kuna nguo humu?"

Koti alipoliona begi, akasogeza kiti kikaziba mlango wote.

Simu ikaita. Ni msimamizi. Mama Sare aliiangalia mpaka ikanyamaza, akaketi sakafuni kwa hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Ingekuwa nafuu kama Koti angekuwa amekosea. Lakini daktari aliposema wiki moja, kabla hajaona uchungu wowote, Mama Sare alikuwa ameona chumba kisicho na mtu, kitanda chake peke yake, na chakula anachokila mpaka mwisho bila kutazamwa. Moyoni alikuwa ameshafika huko. Hakumwambia mtu, na bado Koti alikuwa amesikia.

Simu ikaita tena. Dada alibaki sakafuni na begi mapajani, kaka akabaki mlangoni, na hakuna aliyekwenda popote.