Ishaka Simenti Ajifunza Kukimbia

Ishaka Ussi alikuwa hatoki. Kila aliyecheza naye kriketi Jumapili alilijua hilo. Akishasimama na gongo lake mbele ya vile vijiti vitatu, mtupie mpira wa kasi, mtupie wa kuzunguka, mtupie wa kutambaa, yeye anauzuia tu, unaanguka miguuni pake kimya. Anavuta glovu zake, anatazama mbele, anasubiri mwingine. Siku moja mwaka 2004 alikaa uwanjani saa nzima na dakika ishirini akapata mikimbio tisa tu, yaani alama tisa. Ndipo Swaran, nahodha wao, alipompa jina la Simenti, na jina likamganda.

Uchezaji huo alitoka nao Unguja. Alipokuwa skuli, yeye na wenzake walikuwa na mpira mmoja tu wa kriketi, umeshonwa na kushonwa tena mpaka ukawa na umbo la embe. Ukiupiga mbali ukapotelea kwenye nyumba za watu, basi, mchezo umekwisha mpaka apatikane wa kununua mwingine, na aliyeupiga hasemeshwi wiki nzima. Kwa hiyo Ishaka alijifunza kuuweka mpira chini, karibu. Alikuja Birmingham mwaka 1987, akapata kazi katika kiwanda kidogo cha bawaba za milango huko Saltley, na mwaka wa pili akaingia timu ya kiwanda. Mipira sasa ilikuwa tele, lakini mikono yake haikupata habari hiyo.

Swaran alikuwa fundi wa mashine, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Mpigaji wao mkubwa alikuwa Paramjit, kijana wa kuunga vyuma, mzaliwa wa Birmingham, ambaye alitaka kila mpira uvuke miti.

Kiangazi cha 2005 mabishano yalipamba moto. Timu ya England ilikuwa ikicheza na Australia, na siku ya kwanza ya mechi ya Edgbaston wapigaji wa England walipiga mipira kila upande, wakapita mikimbio mia nne kabla jua halijatua. Jumatatu yake, wakati wa chai, kiwanda kizima kilikuwa na maoni.

"Umeona, uncle?" Paramjit alimwambia Ishaka kwa Kiingereza. "Hivyo ndivyo Test inavyochezwa siku hizi. Watu wa kuzuiazuia wamepitwa na wakati. Wanajizuia wao wenyewe na timu zao."

"Mechi ya siku tano hiyo," Ishaka alijibu. "Unakwenda mbio wapi? Asiyetolewa ndiye anayemchosha mrushaji. Akichoka, ndipo wewe unakuja kupiga, unapigiwa makofi."

"Na mechi yetu sisi ni ya siku ngapi?"

Watu walicheka. Ishaka naye alicheka, kidogo.

Ijumaa ile Swaran alimwita kando, karibu na mlango wa stoo. "Ishaka ndugu yangu, usikasirike. Jumapili nitakuweka wa mwisho kupiga."

"Wa kumi na moja?"

"Tumepoteza mechi nne. Tunafika mwisho wa ova zetu arobaini, mipira sita kila ova, na wewe bado uko pale, safi, shati halina hata vumbi. Lakini mikimbio hakuna. Nifanye nini mimi?"

Ishaka alirudi nyumbani Acocks Green kwa basi. Hata samaki wa kupaka hakumgusa. Mkewe, Mwanakhamis, aliyekuwa akifanya kazi jikoni katika skuli ya msingi, alimwacha alalamike mpaka amalize.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Baba Asmahan, mimi nimekaa kwenye kile kiti uwanjani miaka kumi na moja. Mchezo siujui sheria zake zote. Lakini macho ninayo. Wewe hutoki, kweli. Wanatoka wenzako."

"Wanatoka kwa pupa zao!"

"Paramjit ametoka mara tatu mwezi huu. Mara zote tatu nani alikuwa mpigaji mwenzake upande wa pili? Wewe. Yule kijana anasimama kule anakutazama unazuia, unazuia, unazuia. Zamu yake ikifika, anaona lazima alipie na mipira yako. Anaupiga wa kwanza tu, juu, anadakwa." Alimsogezea sahani. "Kule jikoni tuna madirisha mawili ya kugawia chakula. Mmoja akizubaa, foleni yote inamwelemea wa pili, na ndiye anayemwaga mchuzi. Si kwamba hajui kazi."

Ishaka alikula samaki wake polepole, akaenda kuswali, akalala. Asubuhi, akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, alisema, "Sasa unataka nipige kama Paramjit? Umri huu?"

"Nani kakwambia upige? Uguse, ukimbie."

Kuanzia siku ile, kila jioni baada ya kazi walikwenda kwenye bustani ya karibu na nyumbani wakiwa na mpira wa tenisi. Mwanakhamis alitupa, Ishaka aliugusa kwa ulaini ukaenda hatua tano, sita, pembeni, kisha wote wawili wakakimbia kubadilishana upande. Mwanakhamis alivaa baibui lake na raba nyeupe, na ndiye aliyekuwa akipiga amri: "Njoo!" "Ngoja!" "Rudi!" Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akawatazama, kesho yake akaja na mwenzake.

Kilichomshangaza Ishaka ni kwamba mkewe alimshinda mbio. Kila mara. Yeye akiwa katikati anahema, mwenzake ameshafika na anageuka.

"Hukuniambia kama unaweza kukimbia hivi!"

"Hukuniuliza. Skuli nilikuwa nikikimbia mita mia nne. Inua miguu, Baba Asmahan, huburuti gunia!"

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Septemba, dhidi ya timu kutoka Kingstanding. Wageni walipata mikimbio mia moja na sabini na moja. Timu ya kiwanda ilianza kwa kupigapiga ovyo, na walipofika sitini na moja walikuwa wameshatolewa watano. Swaran alitazama orodha yake, akatazama benchi, akakuna ndevu.

"Simenti," alisema, "ingia wewe. Simama na Paramjit. Lakini nakuomba..."

"Najua," alisema Ishaka, akavaa kofia.

Paramjit alipomwona anakuja, mabega yalimshuka. Ishaka alimfuata pale pale katikati. "Sikiliza. Nikisema *njoo*, kimbia. *Ngoja*, simama. *Rudi*, rudi. Hawa hawatatuelewa."

Mpira wa kwanza, Ishaka aliugusa kwa ulaini pembeni. "Njoo!" Paramjit alishtuka, akakimbia. Mkimbio mmoja. Paramjit akapiga mmoja hadi mpakani, mikimbio minne bila ya kukimbia, na wa tatu akausukuma tu. Njoo. Ngoja. Njoo! Wale wa Kingstanding walianza kusogea karibu, nahodha wao akiwauliza wenzake hawa wanasema lugha gani, na kila waliposogea karibu Paramjit aliwapitishia mpira juu ya vichwa. Hakuwa na haraka tena, na baada ya nusu saa yeye mwenyewe alikuwa akipaza sauti, "Joo! Joo!"

Ilibaki mikimbio mitatu ya kushinda na mipira minne. Paramjit aliupiga mbali kushoto, wakakimbia mmoja, wakageuka kutafuta wa pili. Ishaka aliinua miguu kama alivyofundishwa, akajirusha kifudifudi, lakini mpira ulifika kabla yake. Vijiti vikaruka. Mwamuzi akanyoosha kidole juu.

Simenti alikuwa ametolewa, kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Aliinuka, nyasi mdomoni, shati limechafuka kuanzia kidevuni mpaka kiunoni, na alikuwa akicheka. Mwanakhamis alisimama juu ya kiti chake akipiga vigelegele vilivyowafanya wachezaji wa mpira wa miguu, uwanja wa pili, wasimame. Mpira uliofuata Paramjit aliupeleka mpakani. Mechi ikaisha, wameshinda. Ishaka alikuwa na mikimbio thelathini na miwili, mingi kuliko aliyopata msimu mzima uliotangulia.

"Uncle," alisema Paramjit, akimfuta vumbi kifuani, "ningekuwa na wewe hivi tangu Mei!"

"Tangu Mei nilikuwa sijajua," alisema Ishaka. "Lakini kuzuia bado ni kuzuri, usinielewe vibaya. Ubaya ni kumgandisha mwenzako."

Swaran alimrudisha nafasi ya tatu msimu uliofuata. Mabishano ya wakati wa chai hayakuisha. Mwaka 2007 bado walikuwa wakiulizana kama wapigaji wa polepole wanajinyima ukubwa katika Test, na Ishaka bado alikuwa upande wao, ila sasa aliuliza kwanza nani alikuwa akipiga nao.

Mwaka huohuo wanawake wa Acocks Green walianzisha kriketi ya mpira laini jioni za Alhamisi, na Mwanakhamis akajiandikisha. Mechi yake ya kwanza aliupiga mpira wa kwanza kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ukapaa juu kabisa, ukashuka mikononi mwa jirani yao aliyekuwa timu ya pili. Alirudi akiwa amesimamisha kichwa. Ishaka alifungua mdomo.

"Usianze," alisema Mwanakhamis, akaketi kando yake, akavua glovu. "Ulivyopaa lakini, uliuona?"

"Niliuona," alisema Ishaka. "Ulipaa kweli."