Pikipiki Mbovu Aliyoinunua Wacera

Wacera alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuwa amewahi kushika spana maishani mwake, siku aliyonunua pikipiki isiyowaka. Aliinunua mnadani, katika uwanja wa nyuma wa kituo kimoja cha polisi upande wa Kieni, mahali ambapo pikipiki zilizokamatwa na zilizookotwa huachwa zikinyeshewa mpaka nyasi zinaota katikati ya magurudumu. Vijana wa boda walifika mapema wakajichagulia zile zenye nafuu. Iliyombakia yeye haikuwa na namba wala plagi, taa ya mbele ilikuwa shimo tupu, na kiki yake ya kuwashia haikushuka hata alipoikanyaga kwa uzito wake wote. Aliilipia kwa pesa za ndama aliyekuwa amemuuza wiki hiyo, akaipakia kwenye pikapu ya jirani, akarudi nayo kwao Tetu.

Hakuwa mjinga, ingawa wako waliomwita hivyo. Mumewe, Gatimu, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, na maneno yake yakapungua mpaka yakawa machache tu, moja moja. Kabla ya hapo walikuwa wakibeba maziwa pamoja kila alfajiri hadi kituo cha kupozea, yeye mkebe mmoja na Gatimu miwili. Sasa Wacera alikuwa akipanda na kushuka mteremko ule peke yake, mara mbili, mara tatu, na wakati wa mvua matope yalimshika mpaka magoti. Maziwa yakichelewa yalikataliwa, akarudi nayo nyumbani yakiwa yameanza kuchacha. Pikipiki nzima hangeiweza. Mbovu aliiweza, na kwa kuwa fundi pia hangemweza, aliamua kuitengeneza mwenyewe.

Pale sokoni Ihururu palikuwa na fundi mmoja aliyetoka Machakos, jina lake Munyao, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu isiyotoka kichwani. Alikuja akaitazama ile pikipiki akiwa amechuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu la plagi, akakitoa kikiwa chekundu kwa kutu.

"Mama, hapa umenunua chuma," alimwambia. "Maji iliingia ndani ya injini. Hii pistoni imeshikana na silinda."

Wacera akamuuliza chuma kilichoshikana huachanishwa vipi. Munyao alicheka kidogo, kisha akamweleza. Hivyo ndivyo walivyoendelea miezi yote iliyofuata: yeye akifungua kitu nyumbani, akikifunga kwenye mfuko, akikipeleka sokoni baada ya maziwa, na Munyao akimwonyesha kilichokufa na kinachoweza kufufuka. Munyao hakumdai chochote kwa maneno yake. Alisema tu kwamba asimletee kitu kikiwa na udongo.

Alimimina dizeli kwenye tundu la plagi, akangoja siku nne. Kiki haikushuka. Akaongeza, akangoja wiki. Siku ya kumi na moja, alipoikanyaga, alihisi kitu kikisogea chini ya wayo wake, kama jino linapoanza kulegea, na Gatimu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, akainua mkono wake mzima.

Makosa aliyofanya yalikuwa mengi. Alikata bolti moja ya kichwa cha injini kwa kuikaza kinyume, ikamchukua siku mbili kuitoa. Alipoteza springi ndogo ya kabureta kwenye majani ya ng'ombe, akaitafuta kwa magoti mpaka giza likaingia, asiipate. Ringi za pistoni alizipachika chini juu, akazifungua tena zote. Baada ya hapo alichukua trei ya mayai, akawa anaweka kila nati katika shimo lake kwa mpangilio aliotolea, na tangu siku hiyo hakupoteza kitu. Nyaya zilizotafunwa na panya alizibadilisha moja baada ya nyingine, akifuata rangi. Mikono yake ilipasuka, na harufu ya petroli ikaingia mpaka kwenye chapati. Lakini alikuwa analala vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Gatimu aanguke.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni alipofungua boksi la chujio la hewa, lile lililo chini ya kiti. Alitarajia kukuta kiota cha panya. Alikuta pakiti ya maziwa iliyokunjwa na kufungwa kwa mpira, na ndani yake karatasi moja. Ilikuwa nakala ya kitambulisho. Kijana mwenye masikio makubwa, Ben Muchiri, mzaliwa wa Kirinyaga. Nyuma yake, kwa kalamu ya wino, mtu alikuwa ameandika nambari ya simu na neno moja: Mama.

Wacera alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Kisha akaenda akamwonyesha mumewe. Gatimu aliishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisoma upande mmoja, akaigeuza, akasoma wa pili.

"Piga," akasema.

Wacera alisema atapiga. Akaitia karatasi kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Lakini jioni hiyo alijiambia maneno mengi. Kwamba huenda pikipiki iliibwa, na mwenyewe akijua iko wapi atakuja kuidai. Kwamba polisi watasema mnada ulikuwa na kasoro, wairudishe kwenye zile nyasi. Kwamba ndama amekwenda, na hana mwingine wa kuuza. Aliamua aimalize kwanza. Ikishawaka, ikishabeba maziwa, mtu akija wataongea vizuri.

Gatimu alimwambia tena siku ya pili, na ya tatu. Neno lilikuwa lile lile, na lilimchukua nguvu kulitoa. Mwishowe Wacera alimjibu kwa ukali kwamba yeye hajui matope yalivyo, anakaa tu hapo mlangoni. Gatimu akageuza uso wake akatazama zizi. Hakulisema tena.

Pikipiki iliwaka wiki tano baadaye, saa nne asubuhi. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akarekebisha kabureta kama Munyao alivyomfundisha, akapiga kiki, na mara hii ikashika ikabaki inanguruma. Majirani walitoka. Munyao alipoisikia sokoni siku iliyofuata alivua kofia yake. Wacera alicheka na kila mtu, kisha akarudi nyumbani, akaingia jikoni, akafungua lile kopo na kupiga simu.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Alijitambulisha kama Wachuka, wa karibu na Kerugoya. Wacera alipotaja jina la Ben, swali likaja polepole, kama yupo hai. Wacera akamwambia hajui. Yeye ana pikipiki tu.

Ndipo alipopata kujua. Ben alikuwa wa boda. Miaka mitatu iliyopita alichukua abiria wawili waliotaka kupelekwa Nyeri, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Waliripoti, wakazunguka hospitali, wakabandika picha stendi zote. Pikipiki alikuwa ameinunua kwa mtu wa Thika na hakuwa ameibadilisha jina, kwa hiyo ilipookotwa kando ya barabara bila namba, hakuna karatasi hata moja iliyoelekeza kwao.

"Baba yake tumemzika Alhamisi iliyopita," Wachuka alisema. "Alikuwa mgonjwa, lakini kichwa kilikuwa sawa. Kila mtu aliyeingia alimuuliza kama amekuja na habari ya Ben." Kisha akauliza, "Hii karatasi uliipata lini?"

"Jana," Wacera akasema.

Wachuka alikuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa mama mfupi aliyevaa nguo nyeusi, na alipitisha mkono juu ya tangi la pikipiki mara moja tu, akauondoa. Wacera alimpakia nyuma wakaenda kwenye kile kituo cha polisi cha mnada, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwepo. Huko walifunguliwa kitabu cha zamani, wakaonyeshwa tarehe na mahali pikipiki ilipookotwa. Askari mmoja, mwanamke aliyezungumza nao kwa upole, aliwashauri waende mochari wakaulize kuhusu wiki ile.

Mochari kulikuwa na faili. Siku mbili baada ya pikipiki kuokotwa, mwili wa mwanamume ulikuwa umetolewa mtoni, kilomita chache kutoka pale. Maji yalikuwa yameuharibu, na vidole havikuweza kuchukuliwa alama. Ulikaa miezi mingi bila mtu, kisha mahakama ikatoa amri ukazikwa pamoja na wengine. Mfanyakazi aliwaonya kuhusu picha, akazifunika uso kwa karatasi nyingine, akawaonyesha nguo tu. Zilikuwa suruali mbili, moja imevaliwa juu ya nyingine: ya juu ya bluu, ya ndani ya michezo, yenye mistari miwili myeupe.

Wachuka alitazama bila kugusa. "Ni mimi nilimwambia avae mbili," akasema. "Baridi ya asubuhi ilikuwa inamuumiza magoti."

Makaburi ya umma yalikuwa nje ya mji, nyuma ya ua wa miti. Mtunzaji aliwaonyesha mstari, si kaburi. Namba zilikuwa za vibao vya mbao, na nyingi zilikuwa zimeoza. Aliwaeleza kwamba kufukua kunahitaji amri nyingine ya mahakama na vipimo vya damu, na kwamba huchukua muda. Kisha akawaachia nafasi.

Upepo ulikuwa wa baridi, mlima umejifunika mawingu. Wacera alikuwa amebeba uongo wake tangu ile simu, na pale aliona hawezi kurudi nao.

"Maitu," akasema, akimwita mama kwa Kikuyu, "sikuipata hiyo karatasi jana yake. Niliipata mwisho wa Juni. Nilikuwa naogopa mtaichukua pikipiki. Nikangoja niimalize."

Wachuka hakumgeukia. Aliinama, akang'oa jani moja la magugu mguuni pake, halafu lingine, kana kwamba angefyeka mstari wote kwa mkono.

"Mwisho wa Juni alikuwa bado anakula," akasema. "Na kusikia alikuwa anasikia vizuri, mpaka siku ya mwisho."

Wacera alimwambia achukue pikipiki, ni ya mtoto wake. Wachuka akatikisa kichwa. Hakuna wa kuiendesha kwao, na hataki kuisikia uani. Aliomba apelekwe stendi tu. Njiani hakumshika Wacera kiunoni, alishika chuma cha nyuma, na waliposhuka alikunja leso yake, akashukuru kwa safari kama mtu anavyomshukuru mwenye boda asiyemjua, akaingia kwenye gari la Kerugoya.

Kesi ya kufukua bado iko mahakamani. Wacera alipata habari hiyo kwa yule askari, si kwa Wachuka. Alipiga simu kwake mara tatu mwaka huo. Iliita mpaka ikakatika.

Pikipiki haijamsumbua. Inabeba mikebe minne kwa safari moja, na maziwa hayajarudishwa tena. Munyao humwelekezea wanawake wenye matatizo madogo, plagi na cheni, nao humkuta uani na trei yake ya mayai, akiwauliza maswali machache. Wakimsifu mbele ya Gatimu, Gatimu hutazama zizi, naye Wacera huinamia kazi, akakaza nati kwa nguvu kuliko inavyohitaji.