Nyumba Isiyopakwa Namba

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nasema uongo. Mafuriko yalikuwa mwaka wa nyuma yake, maana Brashi alipopita na kopo lake la rangi daraja jipya lilishawekwa, na sisi tulishaanza kulilalamikia.

Brashi alikuwa fundi rangi, mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba inayotazamana na tangi la maji. Mtu mrefu, mwenye haya, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Manispaa wakampa kibarua: kila nyumba iandikwe namba ukutani, kwa rangi nyekundu. Mtaa wetu haukuwahi kuwa na namba. Ukimwelekeza mgeni unamwambia shuka kwenye transfoma, ipite zahanati, kata kushoto pale palipokuwa na kinyozi. Kinyozi alishahama zamani, ila pale ni pake mpaka leo.

Sasa rangi nyekundu ukutani sisi tunaijua. Ng'ambo ya barabara kuu waliwekewa alama, wakaambiwa ni vipimo tu, halafu likaja tingatinga. Kwa hiyo Brashi alipomaliza nyumba ya kwanza, watu walikuwa wameshajaa nyuma yake.

"Hii namba ya nini?" akauliza fundi viatu.

"Nimeambiwa niandike tu, kaka."

"Unaandika kitu usichojua maana yake?"

"Mbona wewe unashona viatu, hujui vinakokwenda?"

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. Kesho yake kuta mbili zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni ya unga. Namba hazikutoka, zilichafuka tu.

Mwenye nyumba wa Brashi alikuwa mama mmoja mjane, mwenye sauti ndogo isiyorudia neno. Alimwita Brashi uani nami nipo, nimekwenda kuazima ngazi.

"Mwanangu, ukuta wangu usiuguse. Siku ukiupaka, mkeo aanze kufunga vyombo."

"Sawa, mama."

Basi akairuka ile nyumba. Akapaka za kulia, akapaka za kushoto, na mtaa mzima ukaona kwamba isiyo na namba ni moja tu, ile anayolala mwandikaji.

"Huyu anajua kitu," fundi viatu akasema. "Anajua tingatinga litapita wapi."

Toka hapo Brashi akiingia dukani, maneno yanaisha. Mkewe akifika bombani, ndoo yake inasogezwa nyuma, na mwenye kuisogeza haonekani. Hata mimi nilianza kumtazama kwa pembe ya jicho. Akiziba mdomo kucheka, najiuliza anaficha nini.

Nikamvuta pembeni. "Waambie mama amekukataza."

"Nimewaambia, mzee wangu. Wanasema mimi na yeye lao moja."

Jioni moja mkewe alirudi kutoka bombani na ndoo tupu. Aliiweka miguuni pa mumewe, akaingia ndani. Brashi aliitazama ile ndoo, akanyanyuka, akachukua kopo. Aliandika pembeni mwa mlango wa mbele, taratibu, tarakimu kubwa kuliko zote alizowahi kuandika mtaani kwetu. Watu wakatoka. Mama mwenye nyumba naye akatoka, akasimama pale mpaka brashi ikanyanyuka ukutani.

"Umeandika vizuri," akamwambia, akarudi ndani.

Asubuhi vyombo vilikuwa nje: godoro, jiko, masufuria, na watoto wao wawili wamekalia begi la nguo. Hapo mtaa ukawa mwema kweli. Waliomnyima salamu wakaja kumpa mkono. Mama wa duka akawapa watoto maandazi.

"Ungepaka tangu mwanzo, ndugu yangu," fundi viatu akamwambia, huku anamsaidia kufunga godoro kwenye mkokoteni. "Tusingekuwa na maneno. Sasa tuko sawa."

"Tuko sawa," Brashi akaitikia. Hakuziba mdomo, maana hakucheka.

Nikamuuliza anaelekea wapi. Akasema bado anafikiri. Mimi mwenyewe nalala sebuleni kwa mkwe wangu, miguu iko chini ya meza, sina pa kumweka mtu. Lakini wale waliozunguka mkokoteni nawajua, na nyumba zao nazijua. Nikauliza kwa sauti ya kawaida tu, kila mtu alinisikia. Fundi viatu akawa anakaza kamba iliyokwisha kukazwa. Wengine wakageukia tangi la maji kama limeanza kuvuja.

Jamani, katika nyumba zote hizi zenye namba, hakuna hata chumba kimoja?