Damu Iliyoganda Kama Uji wa Jana

Ninyi mnaocheka soksi zangu za sufu, kaeni niwasimulie.

Nilikuwa mzima kama beberu wa jirani, na msumbufu kumshinda. Kwetu Uluguru juu, ukungu hauondoki mapema. Asubuhi tulilima shamba la shule peku, umande mpaka magotini.

Ndipo vidole vya miguu vikageuka rangi ya biringanya, vikauma kama vimebanwa na mlango. Nikamwambia mwalimu.

"Juzi ulijifanya umekufa ili usilime," akasema. "Leo vidole? Shika jembe!"

Bibi aliniamini. Kwa kuwa miguu iliwaka moto, kila asubuhi aliniteremsha mtoni kuilowesha. Vidonda vikafunguka, vikatoa usaha. Kidole kidogo kikawa cheusi.

Baba akanibeba mgongoni hadi Mkuyuni, tukapata lori la mjini. Hospitalini daktari akanipapasa kwapani, akakuta uvimbe kama yai la kanga.

"Huu unamwaga protini mbaya kwenye damu," akasema. "Ikipata baridi inaganda. Tusipoutoa, miguu itaoza."

Baba akainama. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wake ndiye wa kusema."

Mjomba akaja, amevimba kuliko uvimbe wangu. "Anaumwa miguu, mnataka kumpasua kwapa?"

Daktari hakubishana. Alinitoa damu, akatenga majimaji yake kwenye kichupa, akakiweka kwenye jokofu. Kesho yake yalikuwa mazito kama uji wa jana. Akampa mjomba. "Mzee, hebu kibane kwapani."

Mjomba akabana, amenuna. Alipokitoa, yalikuwa yanatiririka tena. Akakiinamisha huku na huku.

"Kumbe mtoni tulikuwa tunamgandisha," akasema, akanigeukia. "Mjomba, unaogopa?"

"Naogopa nikipona nitarudishwa shambani."

Hakucheka. Machozi yalimtoka. "Mpasueni," akamwambia daktari.

Uvimbe ulitoka. Taratibu miguu ikapata joto, vidonda vikafunga. Kidole kidogo nilikiacha hospitalini.

Namshukuru Mungu, daktari, na kwapa la mjomba. Nanyi wazazi na walimu, mtoto akilalamika, hata kama ni mzushi kama mimi, tazameni kwanza miguu yake.

Siku hizi Bibi hunipashia maji ya kunawa miguu. Namtania kwamba nimempunguzia kidole kimoja cha kuosha. Ananichapa kofi la mgongoni, kisha anainama tena, anaosha pale palipokuwa na kidole.