Blanketi Jekundu na Picha Kumi na Moja

Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa na miezi minane, na hatukuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, na studio ya picha ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Nilikuwa nangoja. Nilitaka kwanza apate viatu, kisha nikataka nywele zijae vizuri, kisha malaria ikamchukua. Mwaka uliofuata, mke wangu akipepeta mchele, aliniambia bila kuinua macho, "Naanza kumsahau. Pua naikumbuka. Mdomo umepotea."

Mimi pia ulikuwa umenipotea.

Mtoto wetu wa pili, msichana, alipozaliwa, nilinunua kamera kuukuu kutoka kwa dereva wa garimoshi aliyekuwa akistaafu. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kimeng'oka kurasa za mwisho, nami nikajifundisha kwa zile zilizobaki. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Dazeni ya kwanza niliihesabu kuwa ya kuzoeza mkono tu: mtoto akioga kwenye karai, akijipaka uji, akiburura sufuria uani. Picha zenyewe hasa nilizitunza kwa ajili ya ubatizo wake, kule Bura kwa wakwe zangu.

Nilikuwa mtu wa kusumbua. Hata picha za kujaribia nilitaka kwanza kumfuta mtoto vumbi jekundu miguuni, na Voi vumbi haliishi.

"Baba mtoto," mke wangu aliniuliza, "huyu ni mwanao au ni barua ya ofisi? Muhuri utampiga lini?"

Bura nilizidi. Nilimpanga kila mtu, nikampangua, nikanyoosha gauni jeupe la mtoto mpaka akalia. Shangazi yake mke wangu alichoka kusimama. "Hata padri hakutuweka juani hivi," alisema, na watu wote wakacheka, na hiyo picha nikaikosa kwa sababu nilikuwa narekebisha kola yangu.

Tuliporudi Voi, wasiwasi ulinishika. Je, filamu ilikuwa ikizunguka kweli humo ndani? Vumbi lilikuwa limefanya kile kitufe cha kuzungushia kiwe kigumu. Ningeweza kumuuliza mzee wa studio, lakini niliona haya kuonekana sijui. Badala yake nilikumbuka kwamba siku moja nilichungulia chumba chake cha kusafishia picha nikaona taa nyekundu inawaka. Basi nikawaza: mwanga mwekundu haudhuru filamu. Nasi tulikuwa na blanketi jekundu.

Jumapili mchana, mke wangu akiwa kisimani, nilijifunika blanketi gubigubi nikafungua kamera. Ndani kulikuwa na mwanga mwekundu, mzuri, kama nilivyotarajia. Filamu ilikuwa imezunguka barabara. Nilifurahi kweli. Nikafunga, nikairudisha filamu kwenye mkebe wake, na kesho yake nikaipeleka studio, nikamsimulia mzee ujanja wangu.

Aliipokea filamu. "Kijana, ile taa yangu ni ya kuchapia picha kwenye karatasi. Filamu haipendi hata hiyo. Tena blanketi si ukuta." Akaitia filamu mfukoni. "Njoo Ijumaa. Siahidi kitu."

Siku nne hizo sikula vizuri. Nilimtazama mtoto akilala na nikajaribu kuukariri mdomo wake, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Niliwaza kwamba akiugua leo, nitakuwa nimemwibia mama yake uso wa pili.

Ijumaa mzee alinipa bahasha nyembamba. Sikuthubutu kuifungua. Nilimpelekea mke wangu, nikaiweka mezani, na kabla hajaigusa nikamwambia yote: kamera, taa, blanketi.

Mabega yake yalianza kutikisika. "Kumbe ndiyo maana nilikukuta unatoka jasho mchana kweupe, nikadhani una homa! Nikakuchemshia majani!" Alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimeyanywa yale majani, machungu ajabu, bila kuuliza.

Akafungua bahasha. Zilikuwa picha kumi na moja. Ya ubatizo haikuwemo hata moja; zote zilikuwa zimeungua. Nyuma ya bahasha mzee alikuwa ameandika kwamba filamu hujikunja kama uzi kwenye kibiringo: zilizotangulia hufunikwa na zilizofuata, na mwanga ulikuwa umekula za juu tu. Zile nilizozidharau ndizo zilizokuwa zimejificha ndani.

Mtoto kwenye karai. Mtoto na sufuria. Mtoto mwenye uji hadi kwenye nyusi, kinywa wazi, meno mawili chini, anamcheka mtu ambaye haonekani.

"Mdomo," mke wangu alisema. Akaupitishia kidole. "Huu hapa."

Nilivuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu tumzike yule wa kwanza. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, niliona kwamba kona ya picha ile ya uji ilikuwa na doa kubwa jeusi. Kilikuwa kidole gumba changu mbele ya lenzi. Niliinuka kutafuta mkasi.

"Kaa chini," aliniambia. "Usikate. Na wewe pia umo."

Nikakaa.